Deni la Wapagazi: Oscar Watkins na Ardhi ya Kericho

Siongiroi iko upande wa chini wa nchi ya Wakipsigis, kule Chepalungu, ambako chai hupungua na nafasi yake hushikwa na mahindi na ng'ombe wa maziwa. Mashamba makubwa ya chai yako juu, kaskazini, kuelekea Kericho. Watu wa Chepalungu wanayajua vizuri, kwani jamaa zao wamekwenda kuchuma huko kizazi baada ya kizazi. Kisichosimuliwa sana ni kwamba sehemu ya mashamba hayo ilitwaliwa kwanza kwa jina la askari waliotoka vitani. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilimega ekari zipatazo 25,000 karibu na Kericho ikawapa maofisa wa Kiingereza waliopata ulemavu katika Vita Vikuu vya Kwanza. Wakati huohuo, ofisa mmoja mwenye vumbi la vita hivyohivyo alikuwa Nairobi, akihangaikia haki za watu waliovibeba vita hivyo mabegani mwao. Jina lake Oscar Ferris Watkins. Alichokipigania hakijalipwa hadi leo, na ndiyo sababu habari zake zinafaa kusimuliwa katika nchi ya Kericho na Bomet, hata kama mwenyewe hakuwa mwana wa huku.

Vita vilipoanza Agosti 1914, Watkins alikuwa ofisa wa utawala katika Afrika Mashariki ya Waingereza, na Kiswahili alikijua barabara. Vilifika karibu na nchi ya Wakipsigis mapema. Septemba mwaka huo Wajerumani waliingia Kisii, pakapiganwa. Waingereza walikuwa na bunduki, lakini hawakuwa na njia ya kupeleka risasi, unga na dawa kusini ya reli. Magari yalikwama matopeni, na mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe wa kuvuta mikokoteni. Kilichobaki ni kichwa na bega la mtu. Watkins akaagizwa kuunda kikosi cha wapagazi, kile ambacho Nairobi na Dar es Salaam zimekitunza katika majina ya Kariokor na Kariakoo.

Mwanzoni watu waliandikishwa kwa hiari, au kwa kile ambacho machifu walikiita hiari. Mwaka 1915 ikatungwa sheria ya kuwachukua kwa nguvu. Mshahara nao ukashushwa hadi rupia 5 kwa mwezi, mpagazi akiongezewa moja baada ya miezi mitatu. Mwaka 1917, majeshi yalipozama kusini ya Tanganyika yakimfukuza kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, msako ukafanywa wilaya kwa wilaya chini ya ofisa wa utawala John Ainsworth, na vijana wakasombwa kwa maelfu. Ukihesabu makoloni yote yaliyowahudumia Waingereza upande huu wa Afrika, wapagazi walikaribia milioni moja.

Wengi waliokufa hawakupigwa risasi. Waliuawa na chakula. Mpagazi alitembea mchana kutwa na mzigo wa kilo 25 hivi, akafika kambini giza linaingia, akapewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wenye chenga ngumu. Sufuria zilikuwa chache, kuni zimelowa kwa mvua, na alfajiri ilimpasa kusimama tena. Basi aliukoroga unga katika maji ya uvuguvugu, akaula mbichi nusu. Wengine walitoka katika nchi za wimbi, ndizi au maziwa, na mahindi ya namna ile hayakuwa chakula chao. Chenga zile zilichubua matumbo, kuhara damu kukafuata, na mtu akaachwa kando ya njia. Ofisi ya Watkins ilishikilia kwamba chakula kipikwe na kuiva kabla ya kugawiwa, wapishi wawekwe, hospitali za wapagazi zijengwe. Ni mambo madogo kuyataja. Lakini mahali yalipotekelezwa, watu waliishi.

Sitaki kumfanya mtakatifu. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa chombo kilichowameza watu hao. Alipokea vijana waliofungwa kamba na kuletwa na machifu, akawapa namba, akawapeleka kusini. Takwimu rasmi za idara yake zinaonyesha vifo vilivyozidi 40,000, na wanahistoria waliopiga hesabu ya makoloni yote wanataja zaidi ya 95,000. Tofauti yake na wenzake wengi ni kwamba hakukubali vita viishe bila hesabu kufungwa. Aliweka daftari la mtu na mshahara wake, na daftari lilimwonyesha waziwazi kwamba maelfu walikufa wakidai.

Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini Abercorn, katika Zambia ya leo, tarehe 25 Novemba 1918. Miezi michache baadaye Nairobi ikapata gavana mpya, Meja Jenerali Edward Northey, naye mpiganaji wa vita hivyohivyo, aliyeongoza jeshi kutoka Nyasaland hadi Songea na Iringa. Northey aliwajali sana askari wenzake, lakini wenzake machoni pake walikuwa Wazungu. Chini yake ukaanza mpango wa kuwagawia mashamba wanajeshi walioachiliwa. Katikati ya mwaka 1919 watu walijaa katika Theatre Royal, Nairobi, majina yakichezeshwa bahati nasibu, mashamba zaidi ya elfu moja yakitafuta wenyewe. Askari Mnandi wa King's African Rifles (KAR) aliyepigana miaka minne hakuruhusiwa kuweka jina lake, na mpagazi hakufikiriwa kabisa. Wanandi walipokonywa ardhi kwa ajili ya mpango huo wakati vijana wao walikuwa wangali wamevaa sare za mfalme.

Zamu ya Wakipsigis ilikuja na koloni la maofisa walemavu, lililojulikana kwa kifupi kama BEADOC. Wazo lake, likitazamwa peke yake, lilikuwa la utu. Watu waliopoteza mguu, mkono au pafu wangeishi pamoja, wasaidiane kulima, wajitegemee. Walileta mtaji wao, wakafyeka msitu, wakapanda kitani kwa sababu bei yake ilikuwa juu ajabu baada ya vita. Halafu mwaka 1920 na 1921 bei ya kitani ikaporomoka, madeni yakawafunika, na koloni likafa likiwa changa. Hapo ndipo ardhi ingeweza kurudishwa kwa wenyewe. Haikurudishwa. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni ya James Finlay iliinunua na kupanda chai, huku Brooke Bond nayo ikianzisha mashamba yake jirani. Huruma kwa majeruhi ilifungua mlango, na majeruhi walipoondoka mlango ukabaki wazi kwa kampuni.

Mashamba yale yalihitaji mikono. Oktoba 1919 serikali ya Northey ilitoa waraka uliowataka maofisa na machifu wawahimize vijana kwenda kuwafanyia kazi walowezi, na kila mtu alijua chifu huhimiza kwa njia gani. Kodi ya nyumba ikapandishwa. Kipande, kitambulisho cha kazi, kikaanza kuvaliwa shingoni. Aliyerudi hai kutoka vitani Rufiji alikuta anaitwa tena, safari hii kwenda kung'oa visiki katika shamba la ofisa ambaye pengine aliwahi kumbebea hema.

Watkins aliliona hilo kutoka ndani. Alikaimu wadhifa wa kamishna mkuu wa mambo ya wenyeji, na akiwa katika kiti hicho alipinga matumizi ya nguvu katika kutafuta vibarua. Walowezi walimchukia kwa hilo. Cheo chenyewe hakukipata. Akarudishwa kwenye utawala wa wilayani.

Jambo lililomshughulisha miaka na miaka ni mishahara ya wafu. Kulipa kulihitaji kuwapata warithi, na hiyo ilikuwa kazi ngumu. Karani wa kambini aliandika jina jinsi lilivyomgonga sikioni. Katika nchi ambako wengi huitwa arap fulani, jina moja lingeweza kuwa la watu kumi wa kilima kimoja. Mwingine aliandikwa kwa jina la chifu wake, mwingine kwa jina la utani. Muda ukapita, rupia yenyewe ikafutwa, shilingi ikaingia, na fedha nyingi zikabaki bila mwenyewe. Hoja ya Watkins na ya wachache waliosimama naye, Ainsworth akiwemo, ilikuwa rahisi: kama mrithi mmojammoja hapatikani, jamii yake inajulikana. Fedha ziende kule watu walikotoka, zifanye kazi ya manufaa. Hazina ya Uingereza ilikataa. Ikaombwa tena miaka ya 1920, ikaombwa tena miaka ya 1930, na jibu likawa lilelile. Fedha zilibaki London.

Watkins alifariki 1943. Wakati huo vijana wa Kipsigis na Nandi walikuwa tena katika KAR. Wengine walikuwa wamepigana Ethiopia na Madagaska, na mwaka uliofuata Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw, Burma, hadi mto Chindwin. Safari hiyo nao walilipwa kwa mizani ya rangi. Malipo ya kuagia jeshi ya askari Mweupe yalikuwa hadi mara tatu ya yale ya Mwafrika wa cheo kilekile, na ushahidi wa karatasi ulipotangazwa 2019, baadhi ya wazee hao walikuwa hai Kenya kuusikia.

Mambo ya wapagazi yaliibuka upya kwa njia ya makaburi. Mwanasiasa wa Uingereza, David Lammy, alitengeneza filamu ya televisheni mwaka 2019 iliyomfikisha Voi, ambako askari Wazungu wana mawe yenye majina na wapagazi hawana. Tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ikaunda kamati, na ripoti ya Aprili 2021 ikakiri kwamba kati ya watu 116,000 na 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, huenda hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni tarehe 22 Aprili.

Radhi hiyo ilihusu majina na mawe. Mishahara haikuguswa, ingawa kati ya madai hayo mawili dai la mishahara ndilo rahisi zaidi kuhesabu. Aliyekuwa mkuu wa wapagazi alikwisha kuliwasilisha kwa maandishi zaidi ya miaka 100 iliyopita, pamoja na ushauri wa namna ya kulilipa. Familia za Kericho, Bomet na kote walikotolewa wapagazi hazihitaji kubuni dai jipya. Lililopo lilikataliwa London, na serikali iliyolikataa ingalipo.