Fizikia niliyoiacha

Wasee, kabla ya 8-4-4 kulikuwa na kidato cha tano na cha sita: miaka miwili ya masomo machache tu, unajipanga kuingia chuo. Mfumo wa Moi wa 1985 ukaifuta. KCSE ya kwanza ilifanywa 1989, na kujipanga kote kukabanwa ndani ya miaka minne.

Mimi niliacha fizikia mwisho wa kidato cha pili juu mwalimu alikuwa mkali. Nikapata B, lakini uhandisi ulikuwa umenifungia mlango kitambo. Nikapewa kozi sikuitaka, nikaiacha.

Leo mkondo unachaguliwa kabla ya Gredi ya 10. Una mdogo wako Gredi ya 9? Angalieni pamoja masomo ambayo kozi yake inadai. Mimi hakuna aliyeniuliza.