Sentimita Ishirini za Hasheem Thabeet

Huku kwetu Mtwara misimu miwili huanza karibu pamoja. Wa kwanza mnaujua: ni msimu wa korosho, pale minada inapofunguliwa mwezi Oktoba na kila mtu akawa mtaalamu wa bei. Wa pili hauingizi hata senti moja mfukoni. Mwanzoni mwa Novemba vyuo vikuu vya Marekani huanza ligi zao za mpira wa kikapu, na vijana wetu wenye simu za mkononi huanza kubishana ni senta wa chuo gani atakayemfunika mwenzake. Senta, kwa wale wasioufuatilia mchezo huu, ni mchezaji wa kati. Kwa kawaida ndiye mrefu kuliko wote, na kazi yake ni kulinda goli na kudaka mipira inayorudi baada ya mtupo kukosa.

Katika ubishi huo jina moja halikosi kutajwa, nalo ni la Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet. Na likitajwa, kuna anayecheka. Nimemsikia kijana mmoja kwenye kijiwe cha kahawa kule Mikindani akisema kwamba Thabeet alichaguliwa wa pili katika Marekani nzima, kisha hakuna kitu. Wenzake wakacheka naye. Mimi sikubali kesi ya mtu ihukumiwe kwa kicheko. Leo naomba tuirudie tangu mwanzo, kwa tarehe zake.

Thabeet alizaliwa Dar es Salaam tarehe 16 Februari 1987. Alisoma Makongo, na mpira wa kikapu aliuanza akiwa na umri wa miaka 15 hivi. Tafadhali uweke akilini umri huo, tutauhitaji baadaye. Kutoka Dar es Salaam alikwenda Marekani, akamalizia sekondari Houston, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Chuo hicho si cha mchezo mchezo. Kilikuwa kimetwaa ubingwa wa vyuo mwaka 1999 na tena mwaka 2004, na senta wake wa mwaka 2004, Emeka Okafor, alichaguliwa wa pili kuingia NBA mwaka huohuo. Katika viatu hivyo ndimo alimoingizwa kijana wetu, ambaye miaka michache nyuma alikuwa hajui hata namna ya kusimama chini ya goli.

Msimu wake wa kwanza alizuia mitupo 3.8 kwa kila mchezo. Msimu wa pili, wa 2007-08, alifikisha 4.5. Yaani timu pinzani ilikuwa ikijua kwamba kila jioni mipira minne au mitano iliyokwisha kuondoka mikononi haitafika golini.

Mpinzani aliyelinganishwa naye katika msimu ule wa pili alikuwa Roy Hibbert wa Georgetown. Wote wawili walikuwa majitu: Thabeet futi 7 na inchi 3, Hibbert futi 7 na inchi 2. Georgetown ni chuo kilichozoea kutoa masenta. Patrick Ewing alitoka pale, Alonzo Mourning alitoka pale, na Dikembe Mutombo wa Kongo alitoka pale. Lakini Hibbert alipoingia mwaka 2004 hakuna aliyemwogopa. Alikuwa mzito na hakuwa na nguvu. Ila alikaa. Alikaa miaka minne yote, na kila mwaka aliongeza kitu kimoja.

Tarehe 12 Januari 2008 walikutana mjini Washington. Mchezo ulikuwa umekaribia kwisha, na watu walitazamia senta afanye kazi ya senta, yaani ajongee golini, ambako Thabeet alikuwa akimsubiri. Hibbert hakujongea. Alisimama nyuma ya mstari wa pointi tatu, mahali ambapo mtu wa urefu wake hana desturi ya kusimama, akatupa, ukaingia. Georgetown ikashinda 72 kwa 69. Sasa jiulizeni: mtupo ule ulitoka wapi? Haukutoka kwenye kimo chake. Mtu hafundishwi mtupo wa mbali kwa wiki mbili.

Thabeet angeweza kuondoka mwaka ule wa 2008 kwenda kulipwa. Akaamua kurudi chuoni kwa mwaka wa tatu, na hapo ndipo tunapofika kwenye ulinganisho wenyewe ninaoutaka. Ilipofika Oktoba 2008, kabla ya msimu, waandishi wa Marekani waliiweka North Carolina nafasi ya kwanza, Connecticut ya pili, na Pittsburgh ya tano. Connecticut na Pittsburgh zilikuwa katika ligi moja, ile iliyoitwa Big East, na kila moja ilikuwa na senta wake. Wa Pittsburgh aliitwa DeJuan Blair.

Wamarekani hupenda kuhesabu, na hesabu ilikuwa rahisi. Thabeet alikuwa na sentimita 221. Blair alikuwa na sentimita 201, ambazo kwa senta ni ufupi. Tofauti ni sentimita 20, zaidi ya urefu wa kalamu mpya ya risasi. Msimu uliotangulia Blair alikuwa amepata wastani wa pointi 11.6 na mipira ya kudaka 9.1. Thabeet pointi 10.5 na mipira 7.9, pamoja na ile mitupo 4.5 aliyoizuia. Aliyesoma tarakimu hizo aliona watu wawili walio karibu sawa, mmoja akiwa na sentimita 20 za ziada. Ungekuwa wewe ungemchagua nani?

Hapa naomba ruhusa nitoke kidogo nje ya uwanja, niende kwenye mdomo wa mto Ruvuma. Machi 1861 David Livingstone aliingia mtoni pale na meli yake ya mvuke iliyoitwa Pioneer. Ilikuwa meli mpya, kubwa, na kwa karatasi ilikuwa bora kuliko chombo chochote cha wavuvi wa pwani hii. Lakini ilizama majini zaidi ya ilivyoagizwa. Iliagizwa itumie kina cha futi 3, ikawa inataka futi 5. Ruvuma yetu ni pana, ina mchanga, na maji yake hupungua bila kumwuliza mtu. Meli ilipanda maili 30 hivi, maji yakaanza kushuka, ikabidi igeuzwe haraka isije ikakwama mpaka mvua za mwaka mwingine. Septemba 1862 Livingstone alirudi, safari hii kwa mashua, akapanda zaidi ya maili 150. Wavuvi wa Msimbati hawahitaji kusimuliwa hadithi hii. Wanajua kwamba chombo hakipimwi bandarini, hupimwa kwenye maji kitakakopita.

Sasa turudi. Jumamosi ya tarehe 14 Februari 2009 Thabeet aliiadhibu Seton Hall: pointi 25, mipira 20 ya kudaka, na mitupo 9 aliyoizuia. Connecticut ilikuwa nambari moja kwa ubora. Siku mbili baadaye, Jumatatu tarehe 16 Februari, siku aliyotimiza miaka 22, Pittsburgh walikuja Hartford. Kwetu ilikuwa tayari alfajiri ya Jumanne, na watu wa pwani hii walikuwa wamelala.

Mapema katika mchezo Blair na Thabeet waligombea mpira chini ya goli, mikono yao ikanasana. Blair akainama, akaingia chini yake, na kwa mwendo mmoja akamrusha yule mrefu kupitia begani kwake, kama mcheza mieleka. Thabeet akaanguka chali. Picha ile ilionyeshwa Marekani yote. Lakini mimi naona wengi waliitazama wasiione. Walisema ni nguvu. Nguvu ilikuwepo, ndiyo. Hata hivyo tazama miguu ya Blair kabla ya kunasana: amekwisha kuchukua nafasi. Anajua mpira utaangukia wapi, amefika, ameweka kiuno chini, na mwenzake anakuja nyuma akitegemea kuufikia kwa mikono. Mtu wa sentimita 221 akichelewa nusu hatua, urefu wake unakuwa mzigo wa kuangushia.

Mchezo ulipokwisha Pittsburgh walikuwa na 76, Connecticut 68. Kabla ya siku ile Pittsburgh haikuwahi hata mara moja kuifunga timu iliyokuwa nambari moja. Blair alipata pointi 22 na mipira 23. Thabeet alipata pointi 5 na mipira 4. Tarehe 7 Machi walirudiana kule Pittsburgh, na Pittsburgh wakashinda tena, 70 kwa 60.

Na sasa ule umri niliowaomba muuweke akilini. Siku ile ya Hartford Blair alikuwa na miaka 19, Thabeet 22. Kwa cheti cha kuzaliwa Thabeet ndiye kaka. Kwa mpira wa kikapu alikuwa mdogo mno. Blair alikulia mtaa wa Hill District, jirani kabisa na chuo alichokuja kukichezea, mahali ambapo mtoto hukuta goli mtaani kabla hajajua kusoma, na sekondari yake ya Schenley ilitwaa ubingwa wa jimbo mwaka 2007. Thabeet alikuwa na miaka saba hivi tangu aushike mpira. Katika miaka hiyo saba alihama nchi, akabadili lugha ya darasani, akafika mpaka nambari moja ya vyuo vya Marekani. Anayecheka na ahesabu upya. Kuna Wamarekani wenye miaka kumi na mitano ya mazoezi ambao hawakumfikia hata kiunoni, nami hapo sizungumzii kimo.

Walioujua mchezo hawakucheka. Machi 2009 Big East iliwapa Thabeet na Blair kwa pamoja tuzo ya mchezaji bora wa mwaka. Thabeet alimaliza msimu akiwa na wastani wa pointi 13.6, mipira 10.8 na mitupo 4.2 aliyoizuia. Kwa misimu mitatu alizuia mitupo 417, nyuma kidogo tu ya 441 za Okafor. Connecticut ilifika nusu fainali ya taifa kule Detroit, ikatolewa na Michigan State 82 kwa 73.

Tarehe 25 Juni 2009, New York, NBA ilichagua wachezaji wapya. Memphis Grizzlies walimchukua Thabeet wa pili. Blair alisubiri mpaka majina 36 yasomwe. Madaktari walikuwa wamempima magoti na kukuta kwamba kano muhimu za ndani hazipo, magoti yote mawili. San Antonio Spurs wakamchukua wa 37. Msimu uliofuata alicheza michezo yote 82. Thabeet, Februari 2010, alipelekwa ligi ndogo kwenye timu ya Dakota Wizards, na kabla yake hapakuwa na mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi kile aliyepelekwa huko. Alicheza NBA michezo 224 mpaka mwaka 2014, na baadaye akaenda kucheza mbali, hadi Taiwan. Naye Hibbert, aliyekaa chuoni miaka minne na kuchaguliwa wa 17 mwaka 2008, aliitwa mara mbili kwenye mchezo wa nyota wa NBA, mwaka 2012 na 2014.

Kwa hiyo wale walioketi na kalamu zao Oktoba 2008 walikuwa na tarakimu zote isipokuwa moja. Kimo waliandika, uzito waliandika, pointi waliandika. Mwaka ambao mtu aliushika mpira kwa mara ya kwanza hawakuuandika, kwa sababu kwao hilo si swali. Mtoto wao huanza utotoni. Kwetu ndilo swali lenyewe.

Nalisema hili nikiwa Mtwara kwa sababu mwaka 2021 mashindano ya shule, UMISSETA, yalifanyika hapahapa mjini kwetu, na kikapu kilikuwamo. Nilikwenda kutazama. Mwalimu mmoja aliyeleta timu yake kutoka mbali alinionyesha orodha ya wachezaji: jina, shule, umri, urefu. Safu ya urefu ilikuwa imepigiwa mstari kwa wino mwekundu. Juu kabisa palikuwa na kijana mmoja mrefu kama mnazi, na mwalimu alimsifu sana, akisema huyu ndiye Thabeet wetu. Nikamwuliza kijana alianza lini kucheza. Akafikiri kidogo, akanijibu kwamba alimwona akipanga foleni ya chakula mwezi Januari, akamwita uwanjani kesho yake. Kijana alikuwa na miaka 17.