Mamba wa kroshia
Mamba wa kroshia ni kichezeo cha uzi kilichojazwa pamba au vipande vya nguo. Katika kaunti za Migori na Homa Bay, zinazopakana na Ziwa Victoria lenye mamba halisi, ndiye mtambaazi anayefaa zaidi kufumwa. Mwili wake ni mrija unaonenepa na kukonda, hivyo hufumwa kwa kuzunguka, mfumaji akiongeza au kupunguza vifundo. Vitambaa vya kroshia vya makochi hupendeza kwa matundu yake. Lakini kwa mamba uzi sharti ubane, la sivyo pamba itachungulia. Wapo wasemao nyoka ni rahisi zaidi. Ni kweli, lakini nyoka hana miguu ya kushikwa wala safu ya magamba yaliyoinuka mgongoni. Macho yatariziwe kwa uzi, kwani kifungo kilichowekwa kuwa jicho kikichomoka kinaweza kumkaba mtoto mchanga.