Kila rangi na kadre yake: kazi ya kutenga rangi kwa kuchapa triko



Katika vitabu vidogo kama hiki tumezoea kusoma juu ya ngoma, juu ya ndoa, juu ya shaba ya wazee wetu. Leo naomba ruhusa nizungumuze juu ya kazi ingine, ambayo wengi hawaiti desturi kwa sababu wanaiona ni ya juzi: kazi ya kuchapa picha juu ya triko. Mutu akivaa triko ya mupira, ya chama, ya parokia ao ya kilio, anaona picha tu. Hajiulize ni mukono gani uliitayarisha.

Mimi nilijifunza kazi hii hapa Lubumbashi, katika atelie ndogo, mbele ya ordinatere kuingia kwa wingi katika muji. Fundi wangu alizoea kutuambia: "Kuchapa, kila mutu anaweza. Kutenga rangi, njo kazi." Neno hilo ndilo nataka kueleza. Na mwishoni nitasema juu ya deni moja ambalo sisi mafundi tuko nalo.

1. Kazi hii ilitoka wapi

Wajapani walikuwa wanakata mifano juu ya karatasi ngumu, wanaiweka juu ya kitambaa, na kupitisha rangi katika matundu. Vipande vilivyobaki katikati, ambavyo vingeanguka, walivishika kwa nyuzi nyembamba sana za hariri. Kutoka kwa wazo la nyuzi hizo mutu anaweza kufika kwa kadre: ukinyoosha kitambaa kizima cha hariri juu ya mbao ine, kila kipande kinapata pa kushikamana. Mwaka wa 1907 Samuel Simon, Mwingereza wa Manchester, aliandikisha namna yake ya kuchapa kwa kitambaa cha hariri. Jina lenyewe, serigrafia, linatokana na hariri, hata kama siku hizi kitambaa ni cha nailoni ao poliesta.

Kitu cha pili kilikuwa mwanga. Mwaka wa 1839 Mungo Ponton, mutu wa Scotland, alionyesha kwamba karatasi iliyopakwa bikromate inageuka ikipigwa na jua. Baadaye watu walitia dawa ya namna hiyo juu ya kitambaa cha kadre, na kutoka siku hiyo haikuwa lazima tena kukata kila kitu kwa kisu.

Kwetu, kuchapa nguo kulijulikana kwanza kwa njia ya vikwembe. Viwanda vikubwa kama Utexléo kule Kinshasa na Sotexki kule Kisangani vilichapa vikwembe vya rangi nyingi, na huko pia kila rangi ilikuwa na nafasi yake. Lakini tusifikiri kwamba wazo lenyewe lilikuja na mashini. Mama anayesuka mukeka wa mapambo anatia milala rangi mbele ya kusuka: nyekundu pekee, nyeusi pekee. Picha iko ndani ya kichwa chake nzima, lakini mikono inaitenga kwanza, kisha inaikutanisha. Ni kazi moja.

2. Bendera ni mwalimu

Kadre moja inapitisha wino wa rangi moja tu. Kwa hiyo picha ya rangi tatu inapashwa kuwa michoro mitatu: mumoja wa vitu vyekundu tu, mumoja wa vitu vya njano tu, mumoja wa bluu tu. Na michoro hiyo yote inachorwa kwa weusi juu ya karatasi kalke ao filimu inayopitisha mwanga. Tunaita tipon. Mwanafunzi siku ya kwanza anashangaa: "Papa, hii njo nyekundu, mbona unaichora nyeusi?" Ni kwa sababu mwenye kuamua ni mwanga. Tunapaka emulsio juu ya kadre katika chumba cha giza, inakauka, tunaweka tipon juu yake, tunafungua mwanga. Pahali mwanga umefika, emulsio inakuwa ngumu. Pahali weusi umezuia, inabaki laini na maji yanaiondoa. Hapo ndipo wino utapita.

Kwa kufundisha, fundi wangu hakutumia maua wala nyama. Alitumia bendera ya inchi. Na mutu akifuata bendera zetu, anafuata historia yetu yote.

Bendera ya 30 Juni 1960 ilikuwa ya bluu, na nyota kubwa katikati na nyota ndogo sita pembeni, zote njano: rangi mbili. Mwaka wa 1963 ukaingia mustari mwekundu wa kupita upande, wenye njano kandokando, na nyota ikabaki moja: rangi tatu. Mwaka wa 1971 inchi ikaitwa Zaire, na bendera ikawa kijani, na duara la njano, mukono wenye kushika mwenge, na moto mwekundu: rangi ine. Mwaka wa 1997 tukarudilia mufano wa 1960: rangi mbili tena. Kisha Katiba ya 18 Februari 2006 ikaleta bluu ya mbingu, nyota ya njano kwenye pembe ya juu kushoto, na mustari mwekundu wenye njano nyembamba kandokando: rangi tatu. Kwa mwanasiasa hayo ni mabadiliko ya utawala. Kwa fundi ni hesabu ya kadre.

Sasa tutayarishe bendera ya leo juu ya triko nyeupe. Mwanafunzi anachora bluu nzima, kisha anataka kuweka njano juu yake. Anakosa! Wino mwepesi wa njano ukilala juu ya bluu unatoa kijani. Mutu ameomba bendera ya leo, wewe unamupa rangi ya Zaire. Tulicheka sana siku ile, lakini somo liliingia. Bluu inapashwa kuachia njano nafasi: katika tipon ya bluu, nyota na mustari vinabaki wazi.

Lakini usiache nafasi iliyo sawasawa kabisa. Triko ni kitu cha kuvutika, kadre inaweza kutikisika. Ikiteleza kidogo tu, weupe wa kitambaa unatokea kati ya rangi mbili sawa jino lililopasuka. Ndiyo sababu tunaongeza rangi nyepesi pembeni, nusu milimita ao milimita moja, iingie kidogo chini ya rangi nzito. Kwa mustari mwekundu, fundi haanze kuchora nyuzi mbili nyembamba za njano. Anachora mustari mupana wa njano mzima, kisha nyekundu isiyopitisha, nyembamba kidogo, inakaa juu yake. Njano inayobaki wazi kandokando ndiyo pambo lenyewe. Kwa hiyo rangi nyepesi inatangulia, nzito inafuata, na nyeusi kwa kawaida inafika ya mwisho, kwa sababu inafunika makosa ya wengine.

Na fundi mwenye akili anauliza kwanza: triko yenyewe ni rangi gani? Mutu akileta triko za bluu ya mbingu, hatuchape bluu kamwe. Kadre mbili zinatosha. Wapenzi wa Mazembe wanavaa nyeupe na nyeusi: juu ya triko nyeupe, kadre moja ya nyeusi inamaliza kazi. Wapenzi wa Lupopo ni njano na bluu: nunua triko za njano, chapa bluu. Kitambaa ni rangi ya kwanza, na haina bei ya wino. Kinyume chake, juu ya triko nyeusi unapashwa kuongeza kadre moja ya nyeupe chini ya picha yote, kama si vile rangi zinamezwa na giza.

3. Mukono wa wazee

Bila ordinatere tulifanya namna gani? Tulibandika mufano juu ya meza, tukaweka kalke juu yake, tukafuata mipaka ya rangi moja kwa wino wa China na kalamu nyembamba. Kisha kalke ya pili, kisha ya tatu. Kwa maeneo makubwa kulikuwa filimu nyekundu ya kukata kwa wembe: jicho linaona ndani yake, lakini mwanga unaogeuza emulsio haupite. Feza ikikosa kwa kununua kalke, karatasi ya kawaida ilipakwa mafuta ya kupikia mpaka ikapitisha mwanga. Umeme ukikatika, tulitoka na kadre inje imefunikwa, tukaifungulia jua la saa sita kwa muda mufupi, tukahesabu kwa kinywa, tukakimbia kwenye maji.

Juu ya kila kalke, kitu cha kwanza kuchorwa hakikuwa picha. Vilikuwa visalaba vidogo, juu na chini, pahali pamoja kwenye kila kalke. Visalaba vikikutana, picha inakutana. Visalaba vikiachana, hata mchoro muzuri namna gani ni bure. Nimeona triko mamia zikitupwa kwa sababu mutu alisahau visalaba viwili.

Picha ya sura ya mutu ilikuwa kazi ingine. Wino haujue kuwa mwepesi: unapita ao haupite. Kwa hiyo kivuli cha shavu kinapashwa kugeuzwa nukta, kubwa pahali peusi, ndogo pahali peupe, na jicho la mwenye kutazama linazichanganya. Kwa picha za namna hiyo kadre ya nyuzi 43 kwa sentimita, inayofaa kwa herufi na bendera, haitoshi. Tunatafuta 77 ao 90. Hesabu ya nyuzi ipite hesabu ya safu za nukta mara nne ao tano: kama nukta ni safu 18 kwa sentimita, 77 inafaa. Na kama picha ni ya rangi ine, yaani bluu-kijani, waridi kali, njano na nyeusi, basi zile tatu zenye nguvu zitengane kwa degre 30, kama si vile inatokea mawimbi mabaya juu ya uso wa mutu.

Sura ilitafutwa sana. Wakati wa MPR, chama kilichoanzishwa mwaka wa 1967, sura ya Rais Mobutu ilivaliwa juu ya vikwembe, na watu waliimba na kucheza wakiivaa. Kisha 24 Aprili 1990 chama kimoja kilifikia mwisho, na kila chama kipya kilitaka alama yake. Na uchaguzi wa 30 Julai 2006, wa kwanza wa vyama vingi kisha zaidi ya miaka 40, ulivalisha inchi nzima triko za kampeni.

4. Kadre inaoshwa

Sasa nifike kwenye deni. Kadre ni bei, kitambaa chake ni bei. Kazi ikiisha, tunapaka maji ya Javel, emulsio inatoka, kadre inakuwa mupya kwa kazi ingine. Hivyo sura ya jana inaoshwa kusudi ya leo ipate pahali. Hakuna kosa. Lakini tulitupa na tipon pia.

Siku moja mama mumoja alirudi kwetu. Miaka mbele yake tulikuwa tumechapa triko za kilio cha mutoto wake kijana. Alituletea picha moja, tukaitenga rangi mbili, familia ikavaa. Kisha nyumba yao ikaungua, picha ikaenda na moto, na triko zilikwisha kuchakaa. Aliuliza kwa sauti ya polepole: "Baba, ile kalke yenu ingali?" Tulitafuta chini ya meza, juu ya dari, ndani ya masanduku. Tulikuwa tumewasha nayo makaa. Sijasahau namna alivyosema asante akatoka.

Toka siku ile nilielewa kitu ambacho fundi wangu hakunifundisha. Wazee wanasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya inchi yetu katika michoro zaidi ya mia moja miaka ya 1970, na tunaweza kuitazama leo kwa sababu Johannes Fabian aliikusanya na kuandika maneno yake. Triko zetu pia zilisema historia: michezo, vyama, vilio, jubile za parokia. Nani alizikusanya? Mazembe walichukua kombe la Afrika mwaka wa 1967 na 1968 wakiitwa Englebert, kisha 2009, 2010 na 2015. Ni triko ngapi zilichapwa muji huu miaka hiyo? Tipon zake ziko wapi?

5. Tunaomba nini

Siku hizi ordinatere inatenga rangi mara moja, na kuna mashini zinazochapa picha nzima bila kadre. Siwezi kulia juu ya hiyo, hata mimi nafurahi. Lakini ordinatere haijue kama njano iingie chini ya nyekundu, wala kama triko ya bluu inakuokoa kadre moja. Kijana anayegusa tu kitufe anapata tipon ine kwa kazi ya mbili, na feza ya muteja inapotea. Na faili inapotea haraka kuliko kalke: mashini ikikufa, yote inaenda.

Basi kwa mafundi wenzangu naomba mambo matatu. Kwanza, mwanafunzi atenge bendera moja kwa mukono mbele ya kukaa kwenye ordinatere. Pili, kila tipon iandikwe pembeni mwaka, jina la kazi na hesabu ya rangi, kisha ilazwe pa kavu, karatasi katikati. Tatu, kazi za kilio zisitupwe kamwe.

Na kwa wewe musomaji: kama nyumbani kuna triko ya zamani inayosafisha meza ao baiskeli, itazame kwanza. Tafuta pembeni ya rangi, pahali moja imeingia kidogo chini ya ingine. Hapo fundi alisimama, akafikiri. Kisha ifue, uikunje, uitunze.