Uzito Haukwenda Popote

Kila gereji ya jua kali niliyowahi kukanyaga, kuanzia Kirinyaga Road, Nairobi, hadi Nakuru, ina jibu moja ambalo mwenye gari la zamani hupewa kabla hata boneti haijafunguliwa: "Pampu imeenda, boss." Stelingi ikiwa nzito, pampu imeenda. Ikilia kwenye kona, pampu. Usukani ukikataa kurudi wenyewe, pia pampu. Mwenye gari hutoa pesa, pampu nyingine ya eks-Japan hufungwa, na baada ya wiki chache kilio kinaanza upya.

Jibu hilo mara nyingi si la kweli, hasa kwa gari ambalo lilizaliwa bila stelingi ya nguvu likafungiwa baadaye. Ili kuona kwa nini, inabidi turudi nyuma karibu miaka mia, kwa mtu aliyeutengeneza mtambo wenyewe.

Francis W. Davis alikuwa injinia wa Pierce-Arrow, kampuni ya Marekani iliyotengeneza magari ya kifahari na malori. Yeye alikuwa upande wa malori, na huko alijionea jinsi madereva walivyopigana na usukani. Lori la wakati ule liligeuzwa kwa mabega. Davis akaacha kazi, akakodi karakana huko Waltham, Massachusetts, akaanza kujaribu kutumia mafuta yenye presha ili yasaidie mikono ya dereva.

Jaribio la kuweka mafuta chini ya presha kila wakati lilikuwa na shida, kwa sababu presha ya kudumu hutafuta pa kutokea, na sili huvuja. Davis akaligeuza wazo. Katika mtambo wake mafuta huzunguka tu, bila kazi kubwa, gari likienda moja kwa moja. Dereva akianza kukata kona, valvu inaziba njia moja, presha inapanda upande mmoja wa pistoni, na usukani unasukumwa. Kona ikiisha, presha inashuka. Stelingi nyingi za mafuta barabarani leo bado zinatumia wazo hilohilo.

Mwaka 1926 aliwaonyesha General Motors gari lake, na wakaingia mkataba. Lakini kufikia 1934, uchumi ukiwa umeporomoka, kampuni iliona gharama ni kubwa mno, ikaachana na mpango huo. Vita Vikuu vya Pili ndivyo vilivyouokoa mtambo, kwani magari ya deraya yalikuwa mazito mno kwa mikono mitupu. Mwaka 1951 Chrysler wakaiuza stelingi ya nguvu kwa raia katika gari lao la Imperial, na General Motors wakafuata mwaka uliofuata.

Sasa angalia ni nini hasa Davis alifanya. Hakuupunguza uzito wa magurudumu. Hakuondoa msuguano hata kidogo. Alichofanya ni kuuficha uzito huo usifike kwenye mikono. Uzito haukwenda popote: ulihamia kwenye mafuta, kwenye belti, na kwenye bolti zinazoshikilia mtambo. Anayetafuta ugonjwa wa stelingi aanzie hapo.

Turudi kwetu. Land Rover ilizinduliwa Amsterdam mwaka 1948, ikafika Kenya ikiwa gari la serikali kabla ya kuwa la mwananchi. Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa 1952, wazee wengi wa Mlima Kenya walijifunza kuitambua kwa mlio wake tu, na si kwa furaha. Baada ya uhuru ikawa gari la DC, la polisi, la askari wa wanyama, la misheni. Miaka ya 1970 Leyland Kenya ikaanza kuunganisha magari Thika, katika kiwanda ambacho leo kinaitwa Kenya Vehicle Manufacturers, na Land Rover zikatoka hapo zikiwa na kibandiko cha nyumbani.

Land Rover hizo, Series III, zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na hazikuwa na stelingi ya nguvu. Zilikuwa na usukani mpana na dereva mwenye kifua. Mtu aliyezeeka au mwenye mkono mbovu aliachia wengine ufunguo. Wanawake wengi waliambiwa hilo si gari lao, na usukani ukatolewa kuwa sababu.

Kisha zikaja zile sera za miaka ya 1990. Uagizaji ukalegezwa, magari yaliyotumika Japani yakamiminika kupitia Mombasa, na viwanda vya kuunganisha magari nchini vikapata pigo kubwa. Land Rover kuukuu zilibaki na wenyewe, spea zake zikawa ghali, huku karibu na kila gereji kukiwa na rundo la injini na stelingi za Kijapani zilizong'olewa. Wajapani huendesha upande uleule wa barabara kama sisi, kwa hiyo vitu vyao vinaingiliana na vyetu kwa urahisi. Fundi akachukua injini ya dizeli ya pikapu, pampu yake, stelingi boksi yake, akavichomelea ndani ya Land Rover ya Thika. Ndivyo magari haya yalivyokuwa. Ukilala chini ya moja utaona Uingereza ya 1948, Thika ya 1978 na Japani ya 1992 zikishikiliwa na weldi moja.

Gari la aina hiyo nililiona South Kinangop miaka michache iliyopita, likiwa la mzee anayepeleka maziwa Naivasha. Ana zaidi ya miaka sabini na bega lake la kulia limechoka. Bila stelingi ya nguvu haendeshi, na bila kuendesha maziwa ni ya madalali. Pampu ilikuwa imebadilishwa mara mbili na bado usukani ulikuwa mzito, ukinguruma kwenye kila kona. Wanawe walikuwa tayari wamepata mtu wa vyuma chakavu. Nilikwenda na rafiki yangu, fundi wa makamo kutoka Nakuru, na kazi yangu siku hiyo ilikuwa kushika tochi.

Fundi hakugusa pampu. Alizima injini, akapiga jeki hadi magurudumu ya mbele yakaning'inia, akageuza usukani. Ulikuwa mzito. Hapo tu jambo moja lilikuwa wazi, kwamba magurudumu yakiwa hewani na injini imezimwa, uzito wa namna ile hauwezi kuwa wa pampu peke yake. Akafungua fimbo inayotoka kwenye boksi kwenda mbele. Boksi sasa likazunguka bila shida. Akashika upande wa pili wa fimbo, ule unaoingia kwenye relei, kifaa cha Land Rover yenyewe kilichozama ndani ya chasisi mbele. Hakikusogea. Tulikisukuma wawili.

"Mzee, shida si pampu."

"Basi ni nini, kijana wangu?"

"Ni hii ya zamani. Mara ya mwisho kutiwa oili ni lini?"

Mzee alicheka. Hakujua kwamba inatiwa oili, na waliomfungia stelingi mpya hawakumwambia.

Mambo yote yakapangika. Relei ilikauka pole pole, mwaka baada ya mwaka, na mzee hakuhisi kwa sababu mtambo wa Davis ulikuwa unalipa deni hilo kwa niaba yake. Pampu ikafanya kazi chini ya presha kubwa kila kona, mafuta yakachemka, belti ikateleza na kulia. Paipu ya kunyonya mafuta, ambayo mtu alikuwa amekata kutoka paipu ya maji, ikalainika na kuingiza hewa, ndiyo maana mafuta kwenye kopo yalikuwa na povu. Pampu mpya ikifungwa ilikufa kwa ugonjwa uleule.

Lakini kilichomnyamazisha fundi kilikuwa kingine. Bamba lililoshikilia boksi lilikuwa limechomelewa kwenye ubavu mmoja wa chasisi. Kandokando ya weldi kulikuwa na ufa wa urefu wa kidole. Mafuta yalisukuma, relei ikakataa, na nguvu ikamalizikia kwenye chuma kilichoanza kuliwa na kutu. Ungemalizika kukatika wapi? Pengine getini. Pengine kwenye mteremko wa kwenda Naivasha, na madebe ya maziwa nyuma.

Kazi ilichukua siku mbili. Relei ilifunguliwa kwa uangalifu, kwa sababu ndani yake kuna springi kali inayoweza kuruka na kumvunja mtu taya. Ikasafishwa, ikatiwa oili. Bamba likatolewa, likawekwa jingine linalokumbatia chasisi pande zote mbili. Paipu ikabadilishwa kwa ile ya mafuta, mafuta mapya yakatiwa, na hewa ikatolewa kwa kugeuza usukani polepole kutoka mwisho hadi mwisho magurudumu yakiwa bado hewani. Pampu ilibaki ileile. Mtu wa vyuma chakavu aliambiwa aendelee na safari yake.

Ndiyo maana nasema gari la namna hii lipimwe kwa kufuata umri, kuanzia kilicho kikuukuu: magurudumu, viungo, relei, chasisi. Kisha ile sehemu ambapo kitu cha zamani kimeunganishwa na kipya. Belti na paipu baada ya hapo. Pampu iwe ya mwisho. Magereji mengi huanza upande wa pili kwa sababu pampu inauzwa na oili ya relei haina faida.

Tangu Suzuki walipoiweka stelingi ya umeme kwenye kigari chao cha Cervo mwaka 1988, mafuta yanazidi kuachwa, na wapo wanaofunga mota hizo kwenye magari ya zamani. Mota haivuji wala hailii kama pampu, kwa hiyo itaficha zaidi. Ukiifunga, endelea kupiga jeki mara moja moja, injini ikiwa imezimwa, ugeuze magurudumu kwa mikono yako mwenyewe.