Kumbe Alikuwepo

Tukimwona mtu amekaa kama gogo, hasemi, hataki chakula, tunakata shauri upesi: huyu hayupo tena. Daktari Karl Kahlbaum hakukubali. Mwaka 1874, akifanya kazi huko Görlitz, Ujerumani, alichapisha kitabu kuhusu wagonjwa wa namna hiyo, akauita ugonjwa wao katatonia. Alidai ni ugonjwa wa ubongo. Ila vifaa vyake vikuu vilikuwa macho na kalamu. Baadaye Emil Kraepelin akauingiza ndani ya kile tunachokiita leo skizofrenia, ukakwama humo miaka mingi.

Mwaka 1999 Georg Northoff na wenzake walitoa matokeo ya picha za ubongo za wagonjwa 10. Kwenye eneo linaloongoza mwendo, vipokezi vya GABA, kemikali inayotuliza ubongo, vilikuwa pungufu. Ndiyo kemikali inayosaidiwa na lorazepam, dawa ambayo huweza kumfungua mgonjwa ndani ya saa chache.

Na wakishafunguka, wengi husimulia nini? Hofu. Hofu kubwa mno. Kumbe alikuwepo muda wote, jamani. Basi tukikaa kando ya kitanda chake, tuchunge ndimi zetu.