Mgombea asiye na chama: alikotoka na alikokwama, Masisi na Walikale

Tarehe 20 Desemba 2023 wakaaji wa Walikale waliitwa kupiga kura. Jirani zao wa Masisi hawakuitwa. Tume ya uchaguzi, CENI, ilikuwa haikuandikisha wapiga kura Masisi wala Rutshuru kwa sababu ya vita, na huko Mai-Ndombe wilaya ya Kwamouth iliachwa vilevile. Familia iliyokimbia Kitshanga na kufikia kambi ya Bulengo ilisikia nyimbo za kampeni na kuona picha za wagombea kwenye kuta za Goma, lakini kwenye mashine ya kupigia kura hapakuwa na orodha ya wilaya yao.

Watu wa wilaya hizi mbili wanapoongea juu ya viongozi wao, mgombea huru hutajwa mara kwa mara: mtu asiyetumwa na chama, asiyesimama kwa ajili ya kabila lake peke yake, anayejali zaidi barabara, shamba na soko kuliko viti vya Kinshasa. Kuna wanaomwita ndoto ya wasomi. Lakini Kongo iliwahi kuwa na wagombea wa namna hiyo, na wengi waliingia bungeni. Namna walivyoingia, na namna mlango ulivyofungwa nyuma yao, ni habari ambayo mkimbizi wa Masisi anastahili kuijua kabla ya kuambiwa tena kwamba viongozi wabaya ni kosa la wapiga kura.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 101, inasema kwamba wagombea wa ubunge huletwa na vyama au makundi ya vyama, halafu inaongeza kwamba mtu anaweza pia kusimama akiwa huru. Uchaguzi wa tarehe 30 Julai mwaka ule ulikuwa wa kwanza wa vyama vingi kwa miaka zaidi ya 40. Kati ya viti 500 vya bunge la taifa, wagombea huru walipata 63. Chama cha PPRD kilipata 111, na MLC ya Jean-Pierre Bemba 64. Yaani kama wasio na chama wangekuwa chama, wangekuwa nyuma ya Bemba kwa kiti kimoja tu.

Hesabu ya kura iliwasaidia. Katika wilaya yenye viti vingi, kura zote hugawanywa kwa idadi ya viti, na hapo hupatikana kipimo cha kiti kimoja. Orodha inayofikia kipimo hupata kiti, na viti vinavyobaki hupewa wenye mabaki makubwa ya kura. Wagombea walikuwa wengi mno hata kura zikatawanyika, na wachache sana walifikia kipimo. Viti vingi viligawanywa kwa mabaki. Mwalimu, muuguzi au mfanyabiashara aliyejulikana kwenye masoko matatu au manne aliweza kushindana na orodha ya chama kikubwa.

Kulikuwa na faida nyingine, iliyo katika kifungu cha 110. Mbunge anayeacha chama chake kwa hiari yake wakati wa muhula huhesabiwa kuwa ameacha na kiti. Kwa hiyo mbunge wa chama akitaka kupinga jambo linaloumiza wilaya yake, lazima kwanza afikirie mwenyekiti wa chama. Aliyechaguliwa akiwa huru hana chama cha kuacha.

Isifichwe, hata hivyo, kwamba si wote 63 waliokuwa watu wa msimamo wa kati. Wengine walikuwa matajiri waliokataliwa na vyama vyao. Wengine walisubiri kuona nani atashinda urais, kisha wakajiunga na wengi wa upande wake. Kwa watu kama hao, uhuru ulikuwa njia ya kufika sokoni bila bei iliyopangwa.

Siasa ya katikati yenyewe, ile ya kweli, haikuanzia bungeni. Kwa Masisi na Walikale ilitoka kwenye ugomvi wa mashamba, na ndiyo maana ni vigumu kuielewa bila kurudi nyuma.

Mwaka wa 1937 Wabelgiji waliunda shirika la kuhamisha watu kutoka Rwanda, lililojulikana kwa herufi MIB, ili waje kulima na kufanya kazi kwenye vilima vya Masisi. Waliwekewa sheferi yao ya Gishari, nayo ilifutwa mwaka wa 1957. Tangu hapo maswali mawili yamekwenda pamoja kama pacha: nani mwenye ardhi, na nani raia. Sheria ya 1972 iliwapa uraia wale waliotoka Rwanda na Burundi wakaishi Kivu tangu kabla ya tarehe 1 Januari 1950. Sheria ya 1981 ikaupokonya, ikitaka mtu aonyeshe kwamba wazee wake walikuwa nchini tarehe 1 Agosti 1885. Mzee wa kijijini angeonyesha nini cha mwaka wa 1885? Ilibidi kungoja sheria ya Novemba 2004 ili kipimo kisogezwe hadi mwaka wa uhuru, 1960.

Upande wa ardhi, sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilifanya udongo wote kuwa mali ya serikali. Kuhusu ardhi za jamii za kimila, iliahidi kwamba rais atatoa amri ya kuzipanga. Kwa miaka zaidi ya 40 amri hiyo haikutoka. Katika mwanya huo, mwenye pesa na hati kutoka mjini alipata vilima vizima vya malisho, na mkulima aliyezaliwa pale akaambiwa analima kwa ruhusa tu, akilipa kwa siku za kazi kwenye shamba la mwenye ng'ombe. Mkulima huyo angeweza kuwa Mhunde au Mhutu. Ugomvi kati ya mwenye hati na asiye na hati ulivishwa nguo ya kabila, na wanasiasa wa pande zote waliona nguo hiyo inawafaa.

Tarehe 20 Machi 1993 Wahutu waliuawa wakiwa kwenye soko la Ntoto, Walikale. Mauaji ya kulipizana yakaenea Masisi nzima. Maelfu walikufa na mamia ya maelfu walikimbia, hata kabla ya wakimbizi wa Rwanda kuvuka mpaka mwaka wa 1994 na kuongeza moto juu ya moto.

Baada ya hayo, mwaka wa 1998, lilianza Goma jambo ambalo halisemwi vya kutosha: Barza ya jamii zote. Wazee wa jamii tisa za Kivu Kaskazini walikaa pamoja, Wahunde, Wahutu, Wakano, Wakumu, Wanande, Wanyanga, Watembo, Watutsi na Watwa. Barza haikuwa na jela wala askari. Ilisikiliza mabishano ya mashamba, ya malisho, ya machifu na mipaka ya vijiji, ikatuma wazee kwenda kuongea na watu kabla bunduki hazijatolewa. Nguvu yake ilikuwa moja: mzee akirudi kwa watu wake na kusema "tumekubaliana", walimwamini.

Barza ilivunjika mwaka wa 2005. Uchaguzi ulikuwa unakaribia, na kila jamii ilianza kuhesabu watu wake na viti vyake. Wazee waliokuwa wakitafuta maelewano walianza kuvutwa na wenye kutafuta kura. Ni jambo la kusikitisha kwamba kura, iliyopaswa kumaliza vita, ndiyo iliyovunja meza ambayo watu walikuwa wakikaa pamoja. Vyama vilivyokuja mwaka uliofuata havikujenga meza nyingine.

Mgombea huru wa Masisi au Walikale anayestahili jina hilo anarithi kazi ya Barza, apende asipende. Sera zake si za kuvutia sana jukwaani. Haahidi kufukuza watu, na hasemi kwamba hakuna tatizo. Anataka mkataba wa maandishi kati ya mwenye malisho na mkulima, wenye miaka inayojulikana, ili mama asifukuzwe mihogo ikiwa bado haijakomaa. Anataka mwami aandike ardhi anayogawa. Anataka aliyekimbia akirudi, shamba lake lisiwe limeuzwa mara mbili.

Kwenye madini, mfano upo. Rubaya, kampuni ya SMB ilikuwa na hati ya kuchimba koltani, na wachimbaji wa ushirika wa Cooperama walikuwa ndani ya mashimo. Mwaka wa 2013 walikubaliana: wachimbaji wataendelea na kazi, nao watauzia kampuni. Kila upande uliacha kitu. Mkataba ule ulilegalega, ukaleta malalamiko juu ya malipo na juu ya madini yaliyopitishwa njia nyingine, na mwishowe vita vikafika: M23 iliingia Rubaya mwishoni mwa Aprili 2024. Hata hivyo, karatasi ile yenye kasoro ilikuwa afadhali kuliko miaka ambayo hapakuwa na karatasi yoyote.

Walikale ina hesabu yake, na ni hesabu kubwa. Kiwanda cha bati cha Bisie kilianza kuzalisha mwaka wa 2019, na mwaka wa 2024 kilitoa zaidi ya tani 17,000. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka wa 2018 inagawa ushuru wa madini hivi: 50% serikali kuu, 25% jimbo, 15% sekta au sheferi ambamo mgodi upo, na 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Hiyo 15% ingeweza kujenga madaraja na vituo vya afya. Lakini nani anaamua itumike wapi? Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inasema sekta iwe na baraza la washauri waliochaguliwa na raia, wapitishe bajeti na kumhoji mkuu wa sekta. Baraza hilo halipo. Pesa zinafika mahali pasipo na mtu mwenye haki ya kuuliza.

Huku siasa ya namna hiyo ikihitajika zaidi, mlango ulifungwa. Sheria ya Desemba 2017 iliweka kipimo kipya: ili kuhesabiwa katika kugawa viti vya bunge la taifa, lazima kufikia 1% ya kura za nchi nzima. Kwa chama chenye wagombea kila mahali, hilo linawezekana. Mtu huru husimama katika wilaya moja tu. Mwaka wa 2018 wapiga kura walikuwa kama milioni 18, kwa hiyo 1% ni kura kama 180,000, zitoke zote wilaya moja. Kwa bunge la jimbo kipimo kiliwekwa 3% ya kura za jimbo zima. Haki ya kusimama ilibaki kwenye katiba, na njia ya kupata kiti ikaondolewa kwenye hesabu.

Waliotunga walisema wanataka kupunguza utitiri wa vyama vidogo, na utitiri ulikuwapo kweli. Vyama vilijibu kwa kujifunga pamoja katika makundi makubwa, wakati mwingine watu wasiofahamiana, ili wavuke kipimo. Baada ya uchaguzi wa 2023, orodha ya CENI ya waliovuka ilikuwa na vyama na makundi 44. Mwalimu wa masoko matatu, aliyeweza kushinda mwaka wa 2006, sasa lazima atafute kundi la Kinshasa limpokee, na akishapokewa, kifungu cha 110 kinamshika.

Halafu ikaja hali ya kuzingirwa, tarehe 6 Mei 2021. Gavana akawa mwanajeshi, na wilaya zikawekwa chini ya askari na polisi. Januari 2025 Masisi-Centre ilianguka, kisha Goma. Februari kambi za pembeni ya mji zikatolewa watu, wengine wakarudi vijijini bila kujua nani anatawala huko. Machi 2025 M23 ilifika Walikale-Centre, Bisie ikasimama kwa wiki kadhaa, na mwanzo wa Aprili wapiganaji waliondoka mjini.

Kwa familia iliyopita yote hayo, jambo la kwanza ni kadi. Katika nchi ambayo kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho cha wengi, asiyeandikishwa mwaka wa 2023 amekosa kura na karatasi ya kupita kwenye kizuizi kwa pamoja. Kabla ya uchaguzi unaokuja, CENI italazimika kusema kama mtu wa Masisi aliye Minova, Goma au Uganda ataandikwa kwa wilaya yake au kwa mahali alipolala.

Jambo la pili ni mabaraza ya chini, ambako kipimo cha 1% ya nchi hakifiki, na ambako mtu anayejulikana kwa jirani zake anaweza bado kushinda bila kundi la Kinshasa. Desemba 2023 washauri walichaguliwa katika komini za miji mikuu ya majimbo tu. Masisi ina sheferi za Bahunde na Bashali, na sekta za Osso-Banyungu na Katoyi. Walikale ina sekta za Bakano na Wanianga. Ni sita kwa jumla, na hakuna hata moja iliyowahi kuchagua washauri wake chini ya sheria ile ya 2008.